Upepo Unapokuja: Nyumba, Ngalawa na Tundu la Njiwa. Kipi Kwanza?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), aali zake, Swahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Kila inapokaribia masika tunapokea maswali kuhusu mvua na upepo. Safari hii tumeletewa swali refu, nasi tumelifupisha bila ya kuondoa maana yake, kwa sababu tumeona linawahusu wengi.

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa shamba, Unguja. Kazi yangu ni ufundi wa umeme, lakini ninachokipenda ni ngalawa ya mashindano niliyoichonga kwa miaka miwili, na njiwa ninaowafuga uwani. Mara ya mwisho ilipotangazwa tahadhari ya upepo mkali nilishinda pwani mpaka usiku nikiifunga ngalawa na kuwahamisha njiwa. Nyumbani mke wangu alikuwa peke yake na watoto na mama yangu mzee. Bati mbili ziling'oka na mvua ikaingia chumba alicholala mama. Alhamdulillah hakuna aliyeumia. Baba mkwe anasema kujiandaa kule kote ni kukosa tawakkul, na kwamba lililoandikwa litakuwa. Mke wangu hajasema kitu mpaka leo, na hilo ndilo linaloniumiza. Aidha, mashine ya boti niliyoazima kwa rafiki yangu iliingia maji ya chumvi na sasa haiwaki. Je, nalazimika kuilipa? Nilikosea wapi, na nifanye nini mara nyingine?

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Ndugu yetu muulizaji, Allah akulipe kheri kwa kuuliza kwa ukweli bila ya kujipamba. Swali lako lina mambo manne: tawakkul, mpangilio wa kilicho muhimu zaidi, namna ya kujiandaa kwa vitendo, na hukumu ya kitu cha kuazima. Tutayachukua moja baada ya jingine.

Kwanza: Kujiandaa hakuondoi tawakkul

Baba mkwe wako amesema kweli kwamba lililoandikwa litakuwa. Lakini na sababu pia zimeandikwa. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Akaelekezwa amfunge kwanza kisha atawakali. Hadithi hiyo ameipokea Imam At-Tirmidhiy. Tutazame vizuri mpangilio huo: kamba haikuchukua nafasi ya tawakkul, na tawakkul haikuchukua nafasi ya kamba.

Nabii Nuh ('Alayhis salaam) aliamrishwa kujenga jahazi kabla ya maji kuja. Nabii Yusuf ('Alayhis salaam) aliwafundisha watu wa Misri kuweka akiba ya nafaka ndani ya masuke yake miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya ukame. Umar bin Al-Khattwab (Radhiya Allahu 'anhu) alipopata habari ya maradhi ya kuambukiza nchi ya Sham alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia Qadar ya Allah, alijibu kwa maana ya kwamba anatoka katika Qadar ya Allah kwenda katika Qadar ya Allah. Basi anayepigilia bati lake misumari kabla ya upepo hakutoka nje ya Qadar, yumo ndani yake.

Pili: Je, vimbunga vinafika kwetu?

Wazee wetu wengi husema visiwa hivi vimehifadhiwa. Ni kweli kwamba Allah ametujaalia mahali ambapo vimbunga ni nadra. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto la kama digrii 26 au zaidi, hewa yenye unyevu mwingi, na nguvu ya mzunguko wa dunia inayoufanya upepo uzunguke. Nguvu hiyo ni dhaifu karibu na mstari wa Ikweta, nasi Unguja tupo kama digrii 6 tu kusini yake. Ndiyo maana vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi huishia Madagascar, Msumbiji, Mauritius na Comoro.

Lakini nadra haina maana ya haiwezekani. Mwezi wa Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazizamisha meli zake bandarini na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hiki. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni moja ya sababu za Pemba kuwa ndiyo nchi ya karafuu mpaka leo. Mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazija, kwa ndugu zetu wa Comoro, kisha kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, si mbali na mpaka wa Mtwara. Na mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilielekea pwani yetu na kudhoofika kilipofika Mafia. Jina hilo kwa Kiarabu lina maana ya uongofu. Basi na tuongoke.

Pia si lazima upepo uwe kimbunga ndipo udhuru. Mfumo wa hewa hupewa jina katika bahari yetu pale upepo wake unapofikia kama kilomita 63 kwa saa, na upepo wa chini ya hapo unatosha kuangusha mnazi uliooza au kuibeba bati iliyolegea. Meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 katika bahari iliyochafuka, wakati wa kusi, hakukuwa na kimbunga. Allah awarehemu waliofariki.

Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa taarifa, tuisome na tujue daraja zake: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kuisoma taarifa hiyo si kudai ilimu ya ghaibu. Ni kuangalia alama alizoziumba Allah, kama baharia anavyolitazama wingu. Ama ujumbe wa simu usiojulikana umetoka wapi, unaosema mji utazama saa fulani, usiusambaze. Kuwatisha Waislamu kwa habari usiyoihakiki ni dhambi.

Tatu: Kipi kwanza?

Hapa ndipo penye kosa lako, ndugu yetu, nasi tutalisema kwa upole. Hukukosea kuifunga ngalawa. Ulikosea zamu.

Wanazuoni wameeleza kuwa sharia imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Nafsi iko mbele ya mali. Na ndani ya mali yenyewe, paa linalomsitiri mama mzee liko mbele ya ngalawa ya mashindano. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametufahamisha kwamba yatosha kuwa ni dhambi mtu kuwapoteza wale walio chini ya dhamana yake. Kupotezwa huko si njaa peke yake. Kumwacha mke na watoto wadogo na mzee asiyeweza kutembea upesi, usiku wa upepo, kwa ajili ya chombo cha kujifurahisha, kumo ndani yake.

Ama kupenda ngalawa na njiwa, hilo halina ubaya. Anas bin Malik (Radhiya Allahu 'anhu) alikuwa na mdogo wake akiitwa Abu 'Umayr, aliyekuwa na kidege akicheza nacho. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akimtania na kumuuliza habari za kidege chake. Wanazuoni wamechukua humo ruhusa ya kufuga ndege kwa maliwazo, kwa sharti la kutowatesa. Na mali ni neema, tumekatazwa kuipoteza ovyo. Basi hata vyombo vya maliwazo vina haki ya kuhifadhiwa, lakini kwa zamu yake.

Tunapendekeza mpangilio huu. Taarifa ikitolewa siku mbili tatu kabla, siku ya kwanza iwe ya nyumba na watu wake, siku ya pili iwe ya vyombo na wanyama, na siku yenyewe kila mtu awe ndani. Ikiwa taarifa imekuja ghafla na muda ni wa jambo moja tu, basi ni nyumba. Ngalawa iache kwa Allah.

Nne: Nyumba na aila

Maji. Hesabu kama lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, kwa siku tatu. Aila ya watu saba inahitaji lita 84, yaani madumu matano ya lita 20. Ya udhu na chooni weka mbali. Visima vikiingiwa na maji ya mafuriko huchafuka, hivyo baada ya mvua chemsha maji au tia dawa ya kusafishia kabla ya kunywa. Kipindupindu huja baada ya upepo kuondoka.

Paa. Panda wakati hakuna upepo, si baada ya kuanza. Gonga misumari iliyoinuka, khasa ya ukingoni, maana upepo huingia chini ya ukingo na kuling'oa bati kwa kuliinua. Mawe na matairi yaliyowekwa juu ya bati yateremshe, kwani upepo mkali huyarusha. Nyumba ya makuti iongezewe kamba kwenye kenchi.

Miti. Angua nazi zilizo juu ya njia na juu ya paa. Kata matawi makavu ya mwembe. Ikiwa mti wako umeinamia nyumba ya jirani, wanazuoni wamekhitalifiana juu ya ulipaji ukianguka, lakini msingi wa sharia ni kutodhuru na kutodhuriana. Kuukata mapema ni wepesi kuliko kugombana baadaye.

Dawa na hati. Dawa za sukari na presha za wiki moja, vyeti vya kuzaliwa, hati ya kiwanja na vitambulisho vitie katika mfuko wa plastiki, uufunge vizuri na uuweke juu. Misahafu ipandishwe juu kabisa. Katika madrasa yetu mvua moja ilituingilia usiku na kulowesha juzuu zilizokuwa rafu ya chini. Kosa lilikuwa letu walimu, maana tulizoea kuziweka pale watoto wanapofikia, na hatukumwambia mtu azipandishe.

Umeme na moto. Wewe ni fundi, unayajua haya kuliko sisi: maji yakianza kuingia zima swichi kuu, wala usiguse ukiwa umesimama majini. Waya ulioanguka usikaribiwe. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi au kupikia, kwani hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na imeua watu usingizini. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametuusia kuzima taa za moto na kufunika vyombo tunapolala. Tochi ni salama kuliko mshumaa.

Jirani. Mjane, mgonjwa na mzee anayeishi peke yake atembelewe kabla ya magharibi. Na mfanyabiashara asiyafungie maji, mchele na mabati ili bei ipande. Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim imemwita mwenye kuhodhi kuwa ni mkosefu.

Tano: Ngalawa, njiwa na vinginevyo

Ngalawa. Teremsha tanga, foromali na mlingoti, uvipeleke nyumbani. Ivute juu kupita mstari wa maji ya bamvua, kisha uongeze tena, kwani upepo husukuma bahari juu ya kiwango chake. Ifunge kwa kamba mbili au zaidi, kila moja mahali pake, si zote kwenye mti mmoja, wala si chini ya mnazi wenye nazi. Viroba vya mchanga ndani yake huizuia isinyanyuliwe. Muombe mwenzako mshirikiane: leo ngalawa yako, baada ya saa moja ya kwake. Wewe ulifanya kazi ya watu wanne peke yako, ndiyo maana usiku ulikukuta pwani.

Mashine. Ivue, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, iweke mahali palipoinuka. Petroli iwe katika dumu lililofungwa, mbali na jiko.

Njiwa na wanyama. Tundu lililo juu ya nguzo literemshwe. Bora ni kuwaingiza stoo kwa usiku mmoja, katika maboksi yenye matundu ya hewa, pamoja na mtama na maji. Huna nafasi? Basi fungua mlango wa tundu wajitafutie, usiwafungie mahali maji yatakapowafikia. Tunakumbuka hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Mbuzi na ng'ombe nao wasiachwe kambani bondeni.

Mizinga ya nyuki iinuliwe kutoka chini, mifuniko ifungwe kwa kamba au iwekewe uzito. Kamera, vitabu na vyombo vya elektroniki vitiwe plastiki na viwekwe mbali na dirisha. Kitu cha umeme kilichoingia maji kisiwashwe kujaribiwa. Kikauke kwanza kabisa. Vitabu vilivyolowa vikaushwe kivulini penye upepo, si juani.

Na hapa tuna neno kwa vijana wengine wenye maliwazo ya kupiga picha. Kwenda ukutani Forodhani au kwenye miamba kupiga video ya mawimbi wakati wa tahadhari ni kujitia katika maangamizi. Wimbi la kumi halifanani na tisa yaliyotangulia. Hakuna picha yenye thamani ya mzazi kukesha akitafuta maiti.

Sita: Mashine ya kuazima

Tutazame hali yake. Kitu ulichopewa kukihifadhi (wadi'a) hulipi kikiharibika, ila ukizembea. Kukiacha nje na hali tahadhari umeisikia ni uzembe. Kitu ulichokodi ni hivyo hivyo, mkono wako ni mkono wa amana. Lakini kitu ulichoazima bure kwa ajili ya kukitumia ('ariya), katika madhehebu ya Imam Shafi'i ambayo wengi wetu tunayafuata, muazimaji hukidhamini. Kikiharibika kwa sababu isiyokuwa matumizi aliyoruhusiwa, analipa hata kama hakuzembea. Wanazuoni hao wametegemea hadithi ya Safwan bin Umayyah, ambaye Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) aliazima deraya zake akamwambia kuwa ni azima yenye dhamana. Wahanafi wanaona kuwa azima ni amana, haina malipo ila kwa uzembe.

Kwa maelezo uliyotupa, mashine iliingia maji ya chumvi kwa dharuba, si kwa matumizi ya kawaida. Basi tunakwambia ulipe: itengenezwe kwa gharama yako na ufidie kilichopungua katika thamani yake, na ikiwa haitengenezeki, thamani yake ilivyokuwa siku ilipoharibika, si bei ya mpya. Mwende kwa fundi mnayemkubali nyote wawili. Huna uwezo wa mara moja? Kubalianeni kidogo kidogo na muandikiane. Rafiki yako akisamehe yote au nusu, ana thawabu kubwa, lakini usimshinikize kwa kupeleka wazee kabla hujafungua mdomo wako kulipa.

Saba: Sala wakati wa dharuba

Mvua kubwa na tope ni udhuru wa kutokwenda jamaa, na upepo mkali wa usiku pia. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa usiku wa baridi na mvua watu walitangaziwa wasali majumbani mwao. Ibn 'Abbas (Radhiya Allahu 'anhuma) alifanya hivyo siku ya Ijumaa yenye mvua, na mwenye udhuru wa aina hiyo husali adhuhuri nyumbani. Kumuogopea mgonjwa aliye peke yake ni udhuru vile vile.

Waliokwisha kufika msikitini na mvua inanyesha wanaruhusiwa kukusanya adhuhuri na alasiri, au magharibi na isha, katika wakati wa sala ya kwanza, kwa masharti yanayojulikana. Mvua iwepo wakati wa kuanza sala zote mbili, na wawe ni watu wanaotoka mbali wanaopata taabu njiani. Upepo peke yake bila ya mvua hautoshi katika kauli yenye nguvu kwa Mashafi'i. Anayesali nyumbani kwake hana haja ya kukusanya.

Upepo ukivuma tusiutukane, kwani ni jeshi la Allah lililoamrishwa. Bibi 'Aisha (Radhiya Allahu 'anha) amesimulia kwamba Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alikuwa upepo ukichafuka humuomba Allah kheri yake na kheri iliyomo ndani yake, na kujikinga na shari yake na shari iliyomo ndani yake. Wafundisheni watoto dua hiyo mapema, wasiisikie mara ya kwanza wakati wanalia.

Jambo la mwisho: upepo ukinyamaza ghafla katikati ya kimbunga, usitoke mbio kwenda pwani. Katikati ya kimbunga pana utulivu, kisha upepo hurudi kutoka upande wa pili kwa nguvu. Subiri taarifa rasmi.

Hitimisho

Ndugu yetu, umesema mkeo hajasema kitu mpaka leo. Sisi si katika nyumba yako, lakini tumekaa na wanandoa wengi, na tunajua kuwa kimya kama hicho kina maneno ndani yake. Usiku ule yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Alihamisha watoto, alimuinua mama yako kutoka kitanda kilicholowa, na mama yule si wake, ni wako. Deni la mashine tumelieleza. Deni hili la pili ni jepesi kwa mfuko na zito kwa ulimi: mwambie kuwa ulikosea, mshukuru kwa mama yako, na umuulize yeye anaona nini kiwe cha kwanza mara nyingine. Kisha mchukue mwanao mpande juu mzigonge bati zile misumari, kabla ya masika.

Ngalawa yako tunakuombea ishinde.

Tunamuomba Allah ajaalie mvua zetu ziwe za rehma na si za adhabu, awahifadhi mabaharia na wasafiri wetu, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wallahu A'lam.